Kupima umeme nyumbani bila kupigwa shoti: hakikisha kwanza waya umekufa

Ukizima swichi ya ukutani taa inazimika, na watu wengi hapo hapo wanaamini kwenye holda hamna umeme tena, wanapanda kiti wanaanza kufungua. Swichi imezima taa, basi. Kama aliyefanya wayaringi alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme), taa itazimika vizuri kabisa na holda itabaki na moto wote, na ikiwa ni holda ya balbu za kuzungusha ndo mbaya zaidi, maana kile chuma cha nje chenye nyuzi kinaweza kuwa ndo laivu yenyewe na vidole vyako vinapita pale pale ukiwa unatoa balbu. Dalili mojawapo ni taa ya LED ambayo ukiizima usiku inaendelea kuwaka kwa mbali au inapepesa. Si lazima sababu iwe hiyo, kwa sababu nyaya mbili ndefu zikilala pamoja kwenye paipu moja zinaweza kupitishiana umeme kidogo unaotosha kuiwasha LED, ila ukiiona usipande kiti kabla hujapima.

Maelezo haya yote yanazunguka hapo. Waya haujafa mpaka uupime, na kipimo chenyewe usikiamini mpaka ukijaribishe. Mengine yote ni namna ya kufanya hayo mawili bila kuumia.

Kinachoua

Watu wanabishana sana kama kinachoua ni volti au ampia. Kinachokuumiza ni ampia zinazopita mwilini, ila volti ndo inazisukuma, kwa hiyo vyote vina mkono wao. Chukua volti 230 ambazo nchi nyingi wanatumia majumbani. Ngozi kavu yenye sugu inaweza kuzuia umeme kwa makumi ya maelfu ya omu (kipimo cha upinzani), ila ikilowa au ikitoboka kinachobaki ni nyama na damu, karibu omu 1,000 tu kwa hesabu ya haraka. Gawanya 230 kwa 1,000 unapata ampia 0.23, yaani miliampia 230. Sasa linganisha na mwili unavyochukulia: miliampia 1 unaisikia kama mchomo, karibu na 10 misuli inajikaza na mkono unashindwa kuachia ulichoshika, 30 kwenda juu ukikaa nayo muda unaanza kushindwa kupumua na moyo uko hatarini, 100 ikipita kifuani moyo unaweza kuacha kupiga ukawa unatetemeka tu bila kusukuma damu. Kwa hiyo ile 230 ni zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika, na kumbuka hata balbu ya zamani ya wati 60 inakula kama miliampia 260. Umeme wa balbu moja tu.

Hapo kwenye kushindwa kuachia nikae kidogo, maana watu huwa wanasema "mimi ningeuachia tu". Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley aliwapima watu waliojitolea, akakuta kwa wastani wanaume wanashindwa kuachia kwenye miliampia 16 hivi na wanawake 10.5. Nguvu zako hazisaidii, kwa sababu misuli inayokunja vidole ina nguvu kuliko inayokunjua na umeme unaikaza yote kwa pamoja, basi inayokunja inashinda. Ndo maana mafundi wazoefu kama wanahisi kitu kinapiga shoti na hawana kipimo karibu wanagusa kwa mgongo wa mkono, mkono ukijikunja unaondoka badala ya kushika. Hii naieleza ili uielewe, sio njia ya kupimia, usije ukaifanya ndo tabia.

Njia unayopita umeme nayo ina maana kubwa. Mkono mpaka mkono, au mkono wa kushoto mpaka miguuni, moyo uko njiani. Ndo sababu ya ule ushauri wa zamani wa kuweka mkono mmoja mfukoni unapopima kitu chenye moto: ukiwa na mkono mmoja tu kwenye boksi, na viatu vikavu vyenye soli ya mpira, njia ya kupita kifuani inakuwa ngumu kupatikana.

Breka haikulindi wewe

Hili ni kosa la kimawazo linaloua watu. Breka ya ampia 16 imewekwa kulinda waya usiungue, na wewe unakufa kwa ampia 0.23, kwa hiyo kwa breka wewe ni balbu tu, haikuoni kabisa. Fyuzi ya ndani ya plagi ni hivyo hivyo.

Kinachokuona ni RCD, swichi ya kinga inayokaa kwenye boksi la breka. Hiyo inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, ikikuta vimepishana ina maana kuna umeme umepotea njiani, labda umepita kwenye bodi (kava la nje) ya friji kwenda ardhini, labda umepita kwako, basi inakata. Za kulinda watu huwa ni za miliampia 30 na zinatakiwa kukata ndani ya milisekunde 300, nyingi zinawahi zaidi. Ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze mara moja moja, ikikataa kudondoka hiyo RCD ni pambo na ibadilishwe. Na ielewe ilipoishia: ukishika laivu kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule huku umesimama juu ya kitu kikavu, umeme unaotoka ni sawa na unaorudi, RCD inaona wewe ni hita, haikati.

Vifaa vya kupimia

Bisibisi ya testa, ile ya kataa kadogo ka neoni ndani, kila mtu anayo na mimi sina ugomvi nayo ila naipa kazi moja tu, kuniambia "hapa pana moto". Kazi ya kuniambia "hapa hamna moto" siipi kabisa. Kale kataa kanawaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita kwenye rezista kubwa iliyo ndani, halafu kwenye mwili wako, halafu ardhini. Sasa ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu na viatu vya mpira kanaweza kuwaka hafifu mpaka usione, juani ndo huoni kabisa, na kakifa kanakaa kimya sawasawa na waya uliokufa. Na usalama wako wote unategemea ile rezista, kwa hiyo testa iliyopasuka au iliyoingia maji tupa.

Testa za kupima bila kugusa, zile unazisogeza karibu na waya zinalia, zinafaa kutafuta waya uko wapi. Tabia yake mbaya ni kulia kwa waya uliokufa uliolala jirani na ulio hai, na kunyamaza kwenye waya uliofunikwa na chuma. Usizihukumu kwa hilo, ila usizitegemee peke yake.

Kifaa chenyewe ni mita, multimita ya kawaida ya dijitali. Angalia imeandikwa CAT ngapi. CAT II ni ya vifaa vya kuchomeka kwenye soketi, CAT III ni ya wayaringi wa nyumba na boksi la breka, CAT IV ni ya kule umeme unapoingilia. Ile namba inahusu uwezo wa mita kuhimili msukumo wa ghafla wa volti bila kupasukia mkononi mwako, na mita za bei ya chini sana mara nyingi zimeandikwa vizuri nje halafu ndani fyuzi ni kale ka kioo kembamba, au hakuna kabisa. Nyaya za mita nazo ziangalie, zikiwa zimechubuka zikaonyesha shaba, badilisha.

Jambo moja la mita limeharibu nyingi na kuunguza mikono: tundu la 10A. Waya mweusi unakaa kwenye tundu lililoandikwa COM siku zote, mwekundu unakaa kwenye tundu lenye V na alama ya omu. Mtu akipima ampia anahamishia mwekundu kwenye 10A, anamaliza, anasahau kurudisha, kesho anapima volti kwenye soketi. Kwenye tundu la 10A mita ndani ni kama kipande cha waya tu, kwa hiyo umechukua laivu na nyutro ukaviunganisha mkononi. Angalia matundu kila unapoishika mita, kila mara, hata kama hujaiachia mtu.

Kuua waya na kuthibitisha umekufa

Zima breka ya sehemu unayofanyia kazi, au kama huijui zima meni swichi kabisa, hakuna aibu. Mwambie kila aliye ndani ya nyumba, na kama boksi lina kufuli funga na ufunguo ukae mfukoni kwako, kama halina bandika karatasi na tepu juu ya breka. Umeme mwingi unaomkuta fundi unawashwa na mtu mwema aliyekuta nyumba haina umeme akaenda kuangalia breka.

Halafu jiulize kama kuna umeme mwingine unaoingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Jenereta, inveta yenye betri, sola. Meni ikizimwa inveta inaweza kujiwasha yenyewe ndani ya sekunde na ikalisha zile zile nyaya ulizodhani zimekufa, nayo izimwe kwenye swichi yake. Jenereta ikichomekwa kwenye soketi kwa waya wenye plagi mbili, bila swichi ya kubadilishia, inarudisha umeme mpaka kwenye nguzo, na fundi aliyeko juu ya nguzo anaamini line imekatwa. Hiyo kitu isifanywe, hata kwa dakika tano.

Sasa kupima. Mita iko kwenye V yenye alama ya wimbi, ambayo ni ya umeme wa AC, kama ina viwango chagua cha 600 au 750. Kwanza nenda kwenye soketi unayojua ina umeme (kama umezima meni, iwe ya chanzo kingine ambacho hakijazimwa, mfano kwa jirani), pima, ione 230 au karibu na hapo (kwenu kama ni 120 basi 120). Hapo umethibitisha mita ni nzima. Pili pima pale unapotaka kufanyia kazi, na upime vyote: laivu na nyutro, laivu na ethi (waya wa kwenda ardhini), nyutro na ethi. Tatu rudi kwenye ile soketi yenye umeme upime tena. Hii ya tatu ndo watu wanairuka, na sababu yake ni rahisi, waya wa mita unaweza kukatika ndani au betri ikafa katikati ya hizo dakika mbili, na mita iliyokufa inaonyesha sifuri ile ile nzuri unayoitaka.

Ukiona namba za ajabu ajabu, mfano volti 40 au 80 kwenye waya ambao breka yake imezimwa, usikimbilie kusema kuna uchawi. Mita ya dijitali ina upinzani mkubwa sana, mara nyingi omu milioni 10, kwa hiyo inaona hata kile kiumeme kinachorukia kutoka waya wa jirani. Mzigo mdogo unaifuta: mita zenye sehemu ya LoZ (yaani upinzani mdogo) zinafanya hiyo kazi, na mafundi wa zamani walitumia taa ya majaribio, balbu kwenye holda yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Volti za kurukia zinaanguka mpaka karibu na sifuri, za kweli zinabaki pale pale. Mpaka uthibitishe hivyo, uchukulie ni moto.

Soketi moja, vipimo vitatu

Hapa ndo penye utamu, kwa sababu kwa vipimo vitatu tu kwenye soketi yenye umeme unajua karibu kila kitu. Shika ncha za mita nyuma ya ile kinga ya vidole, chomeka nyeusi kwanza, na kama tundu zina kifuniko cha ndani kinachofunguliwa na pini ya ethi usikifungue kwa bisibisi ya chuma, tumia kitu cha plastiki.

Soketi nzima inasoma hivi: laivu na nyutro 230, laivu na ethi 230, nyutro na ethi karibu na sifuri, volti moja mbili sio tatizo hasa kukiwa na mzigo mkubwa unawaka.

Ukipata laivu na nyutro 230, ila laivu na ethi sifuri na nyutro na ethi 230, waya wamebadilishana, laivu iko upande wa nyutro. Vitu vitawaka kama kawaida, ndo ubaya wake. Swichi ya kifaa itakuwa inakata nyutro na ndani kumebaki moto.

Ukipata laivu na nyutro sifuri lakini laivu na ethi 230, nyutro imekatika mahali. Hapa testa ya bisibisi inachanganya watu sana: unaichomeka upande wa laivu inawaka, unaichomeka upande wa nyutro inawaka pia, na hakuna kitu kinachofanya kazi ndani ya chumba. Mtu anasema "zimeingia laivu mbili". Hamna laivu mbili. Kuna kifaa kimechomekwa mahali kwenye saketi hiyo hiyo, labda chaja, labda taa, umeme umepita ndani yake ukatokea upande wa nyutro ukakosa pa kurudia, umekaa tu pale unasubiri. Chomoa vifaa vyote, pima tena, ule mwanga wa upande wa nyutro utapotea au kufifia sana. Katika hali hiyo waya wa bluu unapiga sawasawa na wa kahawia, kwa hiyo wale wanaosema nyutro haina shoti muwaangalie hivi hivi.

Nyutro ikikatika kwenye saketi moja ni usumbufu. Ikilegea au kuungua kule inapoingilia kwenye jengo lenye fezi tatu ni balaa, maana volti zinagawanyika ovyo kati ya fezi na sehemu nyingine inaweza kupata kuelekea 400. Dalili yake ni taa za upande mmoja kuwa kali kupita kawaida huku za upande mwingine zinafifia, feni inakimbia sana, TV inazima. Usianze kupima, zima meni swichi sasa hivi halafu ita wahusika wa umeme.

Na ukipata laivu na nyutro 230, ila laivu na ethi ni kitu kama 90 au 110, na nyutro na ethi vivyo hivyo, ethi haijaunganishwa popote, inaelea. Ndo hiyo inayokufanya ukigusa kava la chuma la kompyuta ya mezani usikie kamchomo ka kuwasha. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) mbili ndogo za kuchuja makelele, moja inatoka laivu kwenda kwenye bodi na nyingine inatoka nyutro kwenda kwenye bodi, kazi yake inategemea ethi, ethi ikikosekana bodi linakaa katikati, nusu ya 230, kama 115. Umeme wake ni mdogo na mara nyingi haukudhuru, ila unakupa taarifa kwamba siku friji au mashine ya kufulia ikivuja kwelikweli hakuna njia ya kuukimbiza ule umeme isipokuwa kupitia kwako.

Rangi usiziamini. Utaratibu wa sasa wa kimataifa ni kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Wa zamani wa Kiingereza ulikuwa nyekundu, nyeusi, kijani. Marekani nyeusi ndo laivu na nyeupe nyutro. Sasa ona nyeusi ni nyutro huku na laivu kule. Ongeza fundi aliyeishiwa waya wa bluu akatumia alionao. Pima.

Kifaa kinachopiga shoti au kinachodondosha breka

Kifaa kimoja unaweza kukipima kikiwa kimechomolewa kabisa, hii ni salama kuliko yote na ndo pa kuanzia kama unajifunza. Tuchukue birika la umeme la wati 2,000 linalodondosha RCD.

Weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake, isome 0.5 au chini, umethibitisha nyaya zake nzima. Pima pini ya laivu na ya nyutro kwenye plagi, swichi ya birika ikiwa imewashwa. Unategemea nini? Chukua 230 mara 230, gawanya kwa wati, kwa hiyo 52,900 kwa 2,000, unapata omu 26 na kitu. Ukisoma 26 au 27 koili ni nzima. Ukisoma OL (mita inasema hakuna njia ya umeme kupita), kuna mahali pamekatika: fyuzi, swichi, waya au koili yenyewe. Ukisoma karibu sifuri ni shoti, usichomeke tena. Pasi ya wati 1,000 itasoma kama 53. Hesabu hii ni ya vitu vya koili, usiipeleke kwenye balbu ya zamani maana uzi wake ukiwa baridi una omu chache sana kuliko ukiwaka, wala kwenye vitu vyenye mota au elektroniki ndani.

Pili, pini ya ethi na chuma cha birika: iwe karibu na sifuri, kama nusu omu hivi. Ikisoma OL waya wa ethi umekatika ndani ya kebo, na hapo birika lenye chuma halitakiwi kutumika hata kama linachemsha vizuri. (Kifaa chenye alama ya mraba ndani ya mraba hakina ethi kwa makusudi, hicho kimefunikwa mara mbili, usihangaike kuitafuta.)

Tatu, pini ya laivu na chuma, halafu pini ya nyutro na chuma: zote ziwe OL, au megaomu nyingi. Ukiona elfu kadhaa za omu, koili imepasuka na maji yameingia, umeipata. Lakini OL hapa sio cheti cha afya, mita inapima kwa volti chache za betri yake na uvujaji mwingine unajitokeza tu kwenye volti kubwa au koili ikishapata moto. Fundi mwenye mega (kifaa cha kupima uvujaji kwa volti kubwa) anasukuma volti 500 za DC na anataka aone angalau megaomu 1.

Kama hujui ni kifaa gani kinachodondosha RCD, chomoa vyote, sio kuzima, chomoa, kwa sababu swichi ya kifaa inaweza kuacha nyutro imeunganishwa na nyutro ikigusana na ethi nayo inaidondosha. Pandisha RCD. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja mpaka idondoke. Ikikataa kukaa na hakuna kitu kimechomekwa, tatizo liko kwenye nyaya za ukutani au kwenye hita ya maji iliyofungwa moja kwa moja, na hapo sasa ni kuzima breka moja moja. Kuna wanaofunga RCD kwa kuipitia pembeni ili "umeme ukae". Umeme utakaa, ndio.

Ambavyo hata ukivichomoa bado vina umeme

Maikrowevu usiifungue. Ndani kuna kapasita yenye zaidi ya volti 2,000 na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomolewa. Pawa saplai za kompyuta na TV zina kapasita yenye kama volti 320 za DC, nazo hazina haraka ya kuisha. Paneli za sola hazina swichi ya kuzima jua, zikifungwa kwa mfululizo nane tisa zinafika volti mia tatu na zaidi mchana kweupe, na DC ukiichomoa ikiwa na mzigo inatoa cheche ndefu isiyozimika kirahisi. Betri ya volti 12 haikupigi shoti ila pete au saa ya chuma ikigusanisha vichwa vyake viwili inakuwa nyekundu ukiwa umeivaa, kwa hiyo vua kabla.

Mtu akipigwa

Usimshike. Kata umeme kwanza, kwenye plagi, breka au meni, chochote kilicho karibu. Ikishindikana kabisa na ni umeme wa nyumbani, simama juu ya kitu kikavu umsukume mbali na waya kwa mti mkavu au plastiki, kitu kisicho na chuma na kisicho na unyevu. Waya wa nguzo ulioanguka ni habari nyingine, huko hata mti mkavu haukusaidii. Kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia watu wengine, piga simu ya dharura na ya watu wa umeme. Kama tayari uko karibu nao, ondoka kwa kuburuza miguu ikiwa imegusana, hatua ndefu inafanya mguu mmoja uwe kwenye volti tofauti na mwingine na umeme upite katikati yako.

Akishatoka kwenye umeme, muite, angalia anapumua. Kama haitiki na hapumui kawaida (kukoroma kwa kushtuka shtuka sio kupumua), mtu mmoja apige simu ya dharura wewe uanze kubonyeza katikati ya kifua, kwa mtu mzima sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila 30 unampa pumzi mbili kama umefundishwa, kama hujafundishwa endelea kubonyeza tu bila kuacha mpaka msaada ufike.

Na yule aliyesimama akasema yuko sawa, akiwa alishindwa kuachia, alizirai hata kidogo, ni mjamzito, ana maumivu ya kifua, moyo unaruka ruka, au ana alama ya kuungua pale umeme ulipoingia na ulipotokea, aende hospitali leo akapimwe mapigo ya moyo. Kidonda cha umeme nje kinaweza kuwa kadoa tu huku misuli ya ndani imeungua, na misuli iliyokufa inamwaga vitu kwenye damu vinavyoziba figo, ndo maana ukiona mkojo wake umegeuka kahawia iliyokoza mwambie daktari hilo kwanza kabla ya kumwonyesha kidonda.